Mama wa miaka 74 na serikali mbili: nani anapanga huduma zake, na nani anapima kama zimemfikia?

Hapa Kenya, kila pesa za wazee zikichelewa, kwenye magrupu ya WhatsApp ya kijiji anayetukanwa ni gavana. Gavana ana makosa yake, hatukatai, lakini hilo si lake. Pesa za Inua Jamii zinatoka serikali kuu, idara ya ulinzi wa jamii, zinapitia benki ama simu mpaka kwa mzee, na hakuna mahali zinagusa akaunti ya kaunti. Upande ule mwingine nao mtu anatoka mbio kwa chifu kulia kwamba dispensari haina dawa ya presha ya mamake, na dispensari ni ya kaunti, chifu ni wa serikali kuu, chifu atakusikiza vizuri sana akupe pole na ndio mwisho.

Kwa hivyo kabla hata hatujaanza kubishana kama kaunti inapanga vizuri huduma za wasiojiweza, tujue kwanza nani ni nani. Chukua mama mmoja wa miaka 74, amepooza upande mmoja baada ya stroki, anaishi na mjukuu anayeenda shule. Elfu mbili zake za kila mwezi ni serikali kuu. Hospitali anakoenda kliniki ni kaunti. SHA, ile bima ya afya anayoulizwa pale dirishani, ni serikali kuu. Kadi ya ulemavu inatolewa na baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, lile la NCPWD, lakini madaktari wa kumpima ili apate hiyo kadi wanakaa kwa hospitali ya kaunti, maanake wakigoma (na si unajua wanavyogoma) kadi ya serikali kuu nayo inasimama. Mhudumu wa afya wa kijiji anayempitia nyumbani ni wa wote wawili, ile posho ya elfu tano kwa mwezi iliyoanza 2023 serikali kuu inatoa nusu na kaunti nusu. Afisa wa maendeleo ya jamii pale sub-county, serikali kuu tena. Mwakilishi wa wadi anayepiga picha akimpa blanketi, kaunti. Huyo mama hajui haya yote na hana sababu ya kujua, yeye anajua tu kwamba kila ofisi anayopelekwa anaambiwa hapa sio.

Chanzo cha huu mkanganyiko ni Katiba yenyewe ya 2010. Ile jedwali la nne inayogawa kazi imepatia kaunti afya, kilimo, chekechea, utamaduni, mipango ya maendeleo na vitu vingine, lakini ulinzi wa jamii haujatajwa hapo kwa jina, na kifungu cha 186 kinasema kazi ambayo haijapewa kaunti inabaki ya serikali kuu. Sasa ukirudi nyuma kidogo kifungu cha 57 kinasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa na wapate matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali, na cha 43 kinasema asiyeweza kujikimu asaidiwe na Serikali. Serikali gani? Zote. Ndio maana karibu kila kaunti iko na kitu inaita huduma za jamii, lakini imebandikwa nyuma ya idara ndefu yenye jinsia, vijana, michezo, utamaduni, na kwa idara kama hiyo mimi nakwambia uwanja wa mpira unakula kwanza. Uwanja unaonekana. Uwanja una uzinduzi. Mama aliyelala ndani ya nyumba hana uzinduzi.

Kaunti inayopanga kwa akili haijaribu kuiga Inua Jamii, inaangalia pale serikali kuu imeishia na inaanzia hapo. Angalia mambo ya umri. Katiba, kifungu cha 260, inasema mzee ni mtu aliyezidi miaka 60. Inua Jamii ya wazee inaanzia 70. Hii programu ilianza kama majaribio kitu 2006 na 2007 kwa familia maskini sana, halafu 2018 ikafunguliwa kwa kila Mkenya wa miaka 70 asiye na pensheni. Hapo katikati kuna miaka kumi mizima ambapo wewe ni mzee kwa Katiba lakini kwa malipo wewe bado kijana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi, na sehemu kubwa ya hao wako kwa hiyo miaka kumi. Makueni wakati wa gavana Profesa Kibwana waliona hilo pengo, 2014 wakaanza kutibu bure wenye miaka 65 na zaidi kwa hospitali za kaunti, halafu 2016 wakaja na MakueniCare ambapo familia ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka. Unaweza kubishana nao kuhusu gharama, lakini wazo lenyewe ni sawa kabisa, afya ni kazi ya kaunti kisheria bila ubishi wowote na mzee wa miaka 66 shida yake kubwa ni afya, basi wakaingilia hapo. Kakamega nao wakati wa gavana Oparanya wakaingilia kwa nyumba, wakajengea familia zisizojiweza kwa wadi mbalimbali. Hizo ni njia mbili tofauti na zote zinaeleweka. Kisichoeleweka ni kaunti kuandika kwenye mpango wake "kusaidia wazee 500" bila kusema kuwasaidia na nini.

Haya, tuingie kwa hesabu, maana hapa ndio mipango mingi inaanza kupotoka na hakuna mtu anagundua. Sensa ya 2009 ilisema wenye ulemavu ni asilimia 3.5 ya Wakenya, kama milioni 1.3. Ya 2019 ikasema asilimia 2.2, laki tisa na kitu. Kwani watu walipona? Hapana, maswali yalibadilishwa. Mwaka wa 2019 hawakuuliza kama una ulemavu, walitumia maswali ya kimataifa yanayouliza kama unapata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na waliohesabiwa ni wale walisema ugumu ni mwingi ama hawawezi kabisa, tena kuanzia miaka mitano kwenda juu. Yule wa ugumu kidogo hakuingia. Sasa afisa wa mipango akichukua asilimia ya 2009 na mwenzake wa kaunti jirani achukue ya 2019, wote wawili wana chanzo rasmi, wote wawili wanajiamini, na mmoja anapangia watu wengi zaidi kwa mbali kuliko mwingine. Halafu tukiona tofauti kwa bajeti tunasema ni siasa.

Mgao pia uko na historia yake. Pesa za wenye ulemavu mkali, wale wanahitaji mtu wa kuwaangalia mchana na usiku, zilipoanza 2011 zilipangwa familia 70 kwa kila eneo bunge, wakati maeneo bunge yalikuwa 210, jumla familia 14,700. Sabini kwa eneo bunge lenye watu wengi, sabini kwa lile lenye watu wachache. Huo si mpango wa mahitaji, huo ni mpango wa kuzuia wabunge wasigombane. Sisemi wangefanya nini na bajeti ndogo, pengine hakukuwa na njia ingine ya kupitisha bungeni, lakini ukishagawa hivyo huwezi baadaye kusema umepima uhitaji, umepima tu kama ile 70 ilijaa.

Kitu kinaniudhi ni kwamba data nzuri ipo na iko karibu sana. Wale wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja nchi nzima, kila mmoja ana nyumba zake karibu mia moja anazopitia. Yeye anajua nyumba gani iko na mtu hajatoka nje tangu mwaka uanze, nani anakula mara moja kwa siku, nani amefungiwa chumbani kwa sababu ana shida ya akili na familia inaona aibu. Hizo habari zinaenda juu kwa idara ya afya kama presha, sukari, chanjo, na idara ya huduma za jamii iliyo mlango wa pili kwa jengo lile lile haizioni, inangojea chifu alete orodha. Ya chifu nayo ni ya wale wanaojulikana na chifu. Kwa mambo ya afya ya akili hasa hii ni hatari, kwa sababu tangu sheria ilipobadilishwa 2022 kaunti zina jukumu la wazi kutoa huduma za afya ya akili, hakuna tena kusema ngoja Mathari, ile hospitali ya akili ya serikali kuu kule Nairobi.

Sasa mipango yenyewe inaendaje. Kuna mpango mkubwa wa miaka mitano unaoitwa CIDP, wa sasa unaenda 2023 mpaka 2027, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inasema lazima uwe na malengo yanayopimika. Kutoka huo unatolewa mpango wa kila mwaka ambao lazima ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwisho wa Februari kunakuja karatasi ya mwelekeo wa bajeti ambayo ndio inaweka kiwango cha kila idara, makadirio yanaletwa kufikia 30 Aprili, na 1 Julai mwaka mpya wa pesa unaanza. Watu wengi wanajitokeza Mei, makadirio yakiwa yametoka, wakiwa na hasira na mabango, na wakati huo viwango vya idara vilishakatwa Februari. Mei unaweza kuhamisha pesa ndogo kutoka hapa kwenda pale. Ukitaka kitu kipya kama nyumba ya kupumzishia walezi ama gari la kupeleka wasioweza kutembea kliniki, kiingie kwa ule mpango wa Septemba, la sivyo utaambiwa wazo ni zuri lakini halimo kwenye mpango, na kisheria watakuwa sawa.

Vikao vya maoni ya wananchi navyo, eeh. Kikao kinatangazwa kwa gazeti na kwa Facebook, kinafanyika makao ya wadi saa nne asubuhi, anayefika ni mwenye miguu na nauli, na wenye miguu na nauli wanaomba barabara na kisima. Mwishoni karani anaandika "wananchi walipendekeza barabara na maji". Makueni walijaribu kutatua kwa kushusha vikao mpaka kijijini halafu kamati zinapanda ngazi kwa ngazi hadi kaunti, na hiyo inasaidia kweli, mzee wa fimbo anaweza kufika chini ya mwembe wa kijiji chake. Lakini yule aliyelala kitandani hata kijijini hafiki, na mlezi wake naye hafiki kwa sababu nani atabaki naye? Hawa inabidi wafuatwe nyumbani, na hapo tunarudi kwa yule mhudumu wa nyumba mia.

Tathmini sasa. Nikupe mfano wa kubuni lakini ukifungua ripoti yoyote ya mwaka utaona mstari unaofanana nao: "Idadi ya viti vya magurudumu vilivyotolewa. Lengo 200. Vilivyotolewa 200. Asilimia 100." Kila mtu anapiga makofi. Shirika la Afya Duniani 2008 lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi kama zetu, na mwongozo huo ulikuwa na hatua nane: mtu aelekezwe, apimwe, aandikiwe aina ya kiti, kilipiwe, kitayarishwe, akalishwe kionekane kama kinamtosha, afunzwe kukitumia, halafu afuatiliwe. Kile tunafanya kwenye uwanja siku ya sherehe ni kulipa na kupeana. Kiti kikubwa kuliko mtu kinampindisha mgongo, kiti bila mto unaofaa kinamletea vidonda vya makalio ambavyo kwa mtu asiyehisi miguu vinaweza kumuua, na magurudumu membamba ya kiti cha hospitali kwa njia ya mchanga ya Magarini ama matope ya Kinangop hayaendi popote. Baada ya miezi sita nenda uangalie, utapata kingine kimekaushiwa mahindi. Na wanaojua kazi hii wapo hapa hapa, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, wako tangu 1958 na karakana zao, si lazima tender iende kwa mtu aliyekuwa anauza cement jana.

Swali la kuuliza si viti vingapi vimetolewa. Uliza kati ya watu wote wa hii wadi wanaohitaji kiti, wangapi bado hawana, na kati ya waliopewa mwaka jana, wangapi walitoka nje ya boma wiki iliyopita. Swali la kwanza linakulazimisha uwe na orodha ya wote, si ya waliopewa tu. La pili linakulazimisha urudi. Ripoti nyingi haziwezi kujibu hata moja, na sio kwa sababu maafisa ni wajinga, ni kwa sababu bajeti ya kufuatilia ndio ya kwanza kukatwa bajeti ya nyongeza ikija.

Na inawezekana kupima vizuri, tusidanganyane eti ni mambo ya wazungu na vyuo vikuu. Ile programu ya njaa ya kaskazini, HSNP, iliyoanza Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir 2009, ilipimwa kabla pesa hazijatoka, na lokesheni ndogo zingine zikapangwa kwa kura zingoje miaka miwili ndio zilinganishwe na zilizoanza. Inauma kuambia watu wangoje, lakini pesa hazikuwa za kutosha wote siku moja, kwa hivyo kuna mtu angengoja tu, afadhali kungoja kwa kura kuliko kungoja kwa sababu hujuani na mkubwa. Baadaye wakaweza kusema kwa ushahidi kwamba familia zilizopata zilikula zaidi. Kaunti haihitaji kufanya utafiti mkubwa hivyo kila mwaka, inahitaji ile tabia moja tu ya kwenda kuangalia hali ya watu kabla pesa haijatumika. Wengi wanaanza kupima mradi ukiisha, na hapo huna cha kulinganisha.

Kuna mahali nambari ikipanda ni habari mbaya, na huu mfano wa Kilifi ndio unanifanya nisiamini majedwali haraka. Unajua vile wazee wamekuwa wakiuawa huko kwa kushukiwa uchawi, mvi zinageuka kuwa hukumu, na mara nyingi ukichimba chini ya huo uchawi unapata shamba na watoto wanaotaka kuligawa. Huko Ganze, Kaya Godoma, kuna kituo ambapo wazee waliokimbia wanahifadhiwa, na kilianzishwa na watu wa jamii wenyewe, chama cha utamaduni cha Malindi kinachoitwa MADCA, si serikali. Sasa fikiria kaunti inaamua kusaidia kituo kama hicho, na kwenye mpango inaandika kiashirio chake "idadi ya wazee waliohifadhiwa". Mwaka wa kwanza ishirini, wa pili arobaini. Ripoti itasema tumefaulu mara mbili. Lakini arobaini inaweza kuwa na maana kwamba vijiji vimekuwa hatari mara mbili! Ama inaweza kuwa na maana kwamba wazee sasa wanajua kuna pa kukimbilia, na hiyo kweli ni nzuri. Nambari moja, maana mbili zinazopingana, na jedwali halikuambii ni ipi.

Ungepima nini basi? Wangapi walirudi kwao na baada ya mwaka bado wako hai kwenye shamba lao. Kesi ngapi za ardhi za hao wazee zilimalizwa. Vitisho vingapi viliripotiwa na polisi wakafika kabla ya panga. Ukiangalia hiyo orodha utaona polisi ni serikali kuu, rekodi za ardhi ni serikali kuu, mahakama ni mhimili wake peke yake, kaunti iko na utamaduni, afya na kidogo cha huduma za jamii. Kwa hivyo kaunti haiwezi kufaulu peke yake hata ikitumia kila shilingi vizuri, na tathmini ya haki lazima iseme ni sehemu gani ya matokeo ilikuwa mikononi mwake. Hii haifurahishi upande wowote, gavana anataka sifa yote na wapinzani wanataka lawama yote iwe yake.

Na pesa zenyewe za Inua Jamii, hata kama si za kaunti, kaunti inaweza kuzifanya zifike vizuri ama vibaya. Elfu mbili imebaki elfu mbili kwa zaidi ya miaka kumi, unga na mafuta havikubaki, hilo ni la serikali kuu na bunge. Lakini mzee ambaye vidole vimeisha alama kwa kulima miaka hamsini, mashine ya ejenti inakataa kidole, anarudishwa, analipa boda mara mbili, huyo anahitaji tu mtu wa kumshughulikia sub-county na usafiri, na hapo msimamizi wa wadi anaweza kufanya kitu bila kungoja Nairobi ibadilishe sheria.

Kama uko kwenye kaunti yako na unataka kuanzia mahali, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kifungu cha 137, inasema kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, mwenyekiti ni gavana, na ndani yake wakae watu wasio maafisa wa kaunti waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, biashara, wafanyakazi, wanawake, wenye ulemavu, wazee na dini. Wazee na wenye ulemavu wametajwa kabisa. Nenda ofisi ya kaunti uulize majina ya hao wawili, walipendekezwa na shirika gani, na mara ya mwisho jukwaa lilikaa lini. Ukipata majina, watafute kabla ya Agosti, mpango wa mwaka ukiwa bado unaandikwa, uwapelekee orodha ya wadi yako ya wale hawajafikiwa na chochote. Usipopata majina, ama uambiwe jukwaa halijaitwa mwaka mzima, peleka barua kwa karani wa bunge la kaunti na uweke nakala yako iliyopigwa muhuri.